Hodhi lililofukiwa kwa saruji

Maji ya kuoga yakianza kusimama kwenye hodhi, wenye nyumba wengi wa mjini hukimbilia duka la vifaa na kurudi na chupa ya tindikali. Siku mbili tatu maji yanapita. Kisha jirani wa ghorofa ya chini anabisha hodi: dari lake limeota doa la rangi ya chai, na linakua.

Tindikali haichagui cha kula. Ikishagusa nywele na utando wa sabuni inaendelea na zinki iliyopakwa kwenye bomba la chuma, na bomba ambalo kutu ilikuwa imelibakishia ganda tu linatoboka. Hatari zaidi ni mtu asiye na subira anayeongeza dawa nyingine juu yake. Tindikali na kostiki vikikutana huchemka na kuruka usoni. Tindikali na dawa ya kung'arishia nguo hutoa klorini, gesi ileile iliyoua askari huko Ypres mwaka 1915. Bafuni, mara nyingi dirisha lenyewe ni dogo.

Kutu hiyo ina asili yake. Mdomo wa hodhi la zamani ni wa shaba njano, yaani shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, nao umeungwa na bomba la chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji, moja huliwa ili nyingine ipone, na chumvi huharakisha kazi. Ndiyo maana nyumba za pwani zinazotumia maji ya kisima chenye chumvi huumia mapema. Wanamaji wa Uingereza walilijua hilo kwa hasara. Mwaka 1761 waliivika manowari HMS Alarm bamba za shaba. Iliporudi kutoka Karibi misumari mingi ya chuma ilikuwa imelika, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kufungia bamba ilikuwa imebaki katikati ya shaba na msumari.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa nguvu. Kwanza anataka kujua hodhi limefungwa kwa mtindo gani. Kwa mtindo wa Kiingereza, ambao nyumba nyingi za zamani za Kenya na Tanzania ziliurithi, bomba fupi lenye mdomo mpana hushuka kwenye tundu la hodhi na kukazwa kwa nati upande wa chini. Kwa mtindo wa Kimarekani mdomo wenyewe hujifunga ndani ya elbo iliyo chini. Anayezungusha ule wa Kiingereza kutoka juu, bila mtu wa kushika nati chini, atazungusha hadi jioni.

Baada ya hapo ni kusubiri. Mafuta ya kulegeza kutu hupakwa na kuachwa yalale usiku kucha. (WD-40, ambayo sasa iko kwenye kila gereji, ilitengenezwa San Diego mwaka 1953 kulinda kombora la Atlas lisishike kutu, si kwa ajili ya mabafu.) Lakiri iliyokauka chini ya mdomo hulainika kwa mashine ya kukaushia nywele. Ikishindikana, fundi huchomoa wembe wa msumeno wa chuma, huuzungushia kitambaa mkononi, na kukata mfereji mmoja kwenye shaba kutoka ndani, akisimama kabla ya kulifikia hodhi. Kisha kwa tindo ndogo anaukunja ukingo uingie katikati. Nati iliyogoma nayo hupasuliwa hivyo hivyo, ubavu mmoja.

Spana ya bomba, aliyoipatia hataza Mmarekani Daniel Stillson mwaka 1869, ije mwisho kabisa. Imebuniwa ili kadiri inavyovutwa ndivyo meno yake yanavyozidi kuuma. Kwenye bomba zima hiyo ni baraka. Kwenye bomba lililooza inalibonyeza na kulivunja ndani ya ukuta, na kazi ya saa mbili inageuka ya wiki. Kinachorudishwa baadaye kiwe cha plastiki chenye washa za mpira, si chuma tena.

Lakini yote hayo yanamtaka fundi aione nati, na hapo ndipo lawama inapostahili kuhama kutoka kwa kutu kwenda kwa wajenzi. Hodhi hujengewa ukuta wa matofali pande zote, likapigwa marumaru, na bomba likazikwa humo kana kwamba halitaharibika kamwe. Likiharibika, nyundo inaanza, na marumaru za rangi ile madukani hazipo tena. Wajenzi hudai kwamba kimlango cha ukaguzi huharibu sura na kukaribisha mende. Utetezi huo ni dhaifu: kipande cha marumaru kilichogandishwa kwa silikoni, chenye upana wa sentimita 30, hakionekani kirahisi na hung'oka kwa kisu.

Wanaokagua ramani za majengo katika halmashauri na kaunti tayari huangalia njia za majitaka. Kimlango hicho kinafaa kiwe sharti, hasa kwenye ghorofa. Kwa sasa, anayejenga akidai kabla fundi marumaru hajafika, na mpangaji aulize kilipo kabla ya kulipa kodi ya miezi sita.