Twende Tukatazame Maua ya Kitulo



Juma hili nataka tutembee pamoja. Simama hapo Chimala, kwenye barabara kuu itokayo Makambako kwenda Mbeya, kisha utazame upande wa kusini. Utaona milima imesimama kama ukuta. Wengi wetu tunaijua milima hiyo kwa viazi vinavyoshuka kwa malori, na kwa baridi inayowapata wageni wasiochukua koti. Lakini juu ya ukuta huo kuna uwanda mpana uitwao Kitulo, na wenyeji wameupa jina zuri: Bustani ya Mungu.

Barabara ya kupandia inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ina kona kali 57. Kila kona unaacha joto la Usangu nyuma yako. Mashamba ya mpunga yanakuwa madogo kama viraka vya nguo, na hewa inabadilika. Ukifika Matamba utavaa sweta hata kama ni mchana. Kutoka hapo unapanda tena mpaka Kitulo kwenyewe, mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari.

Je, uende lini? Usiende Julai. Miezi ile ya baridi utakuta majani makavu na umande ulioganda, nawe utaniambia nimekudanganya. Nenda baada ya mvua kuanza, tangu Desemba mpaka Aprili. Hapo nyasi zote zimechanganyika na maua: manjano, meupe, mekundu, ya zambarau, ya buluu. Wataalamu wamehesabu aina 350 hivi za mimea, na maua yaitwayo okidi peke yake ni aina 45. Mengine hayapatikani po pote duniani isipokuwa katika milima yetu hii. Kwa ajili hiyo, mwaka 2005 Serikali ilipafanya mahali hapo kuwa Hifadhi ya Taifa, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 412.9. Hifadhi nyingine tunazijua kwa simba na tembo. Hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua.

Labda baba mmoja atasema, "Maua ni chakula cha nani? Mimi nina karo ya watoto." Neno lake si la kuchekwa, kwa maana kuna watu walioyafanya maua haya kuwa chakula na fedha. Chini ya okidi mna viazi vidogo. Vikichimbwa husafirishwa kupitia Tunduma mpaka Zambia, na huko hutwangwa, vikachanganywa na karanga, pilipili na magadi, vikapikwa kuwa mkate mzito unaokatwa vipande. Chakula hicho huitwa chikanda, nao wanakipenda sana. Okidi za kwao zilipopungua, wafanyabiashara wakavuka mpaka kutafuta za kwetu. Watafiti walioichunguza biashara hiyo kabla ya hifadhi kutangazwa walikadiria kwamba viazi vilivyochimbwa kila mwaka vilikuwa mamilioni.

Sasa sikiliza jinsi ua hili linavyoishi. Okidi nyingi za namna hii zina viazi viwili. Kimoja ni cha zamani, kimesinyaa, kwa sababu kimetumika kulisha ua unaloliona mwaka huu. Cha pili ni kipya, kimejaa, nacho ni akiba ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kile kilichojaa. Akikichukua, ua la mwaka ujao limekwisha kufa. Tena usidhani mbegu zitalirudisha upesi. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina chakula ndani yake. Haioti mpaka ikutane na kuvu fulani udongoni itakayoilisha, na baada ya hapo huchukua miaka kabla ya kutoa ua la kwanza.

Mkulima wa Matamba analijua jambo hili kuliko mimi. Mwaka wa njaa anaweza kuuza gunia la viazi, anaweza kuuza kuku na mbuzi, lakini viazi vya mbegu havigusi. Akivila leo, Desemba atapanda nini? Basi, mwenye kuchimba okidi anauza viazi vya mbegu, tena vya shamba ambalo hakulima yeye. Fedha anayopata ni ya siku chache. Mchuma janga hula na wa kwao.

Na sisi wa bondeni tusiseme hayo ni mambo ya watu wa Makete. Maji tunayomwagilia mpunga yanatoka wapi? Mto Chimala na mto Kimani huanzia katika milima hiyo hiyo, kisha maji yake huingia Ruaha Mkuu. Nyasi na mimea ya huko juu hupokea mvua na kuiachia polepole. Ardhi ikichimbwachimbwa na kuachwa wazi, mvua itashuka mara moja pamoja na udongo, na kiangazi tutagombana kwenye mifereji.

Huko Uingereza, mwezi wa Aprili na Mei, watu huwachukua watoto wao kwenda kutembea katika misitu ya kale, kutazama maua madogo ya buluu yenye umbo la kengele. Hawarudi na kuni wala nyama. Wanarudi wamefurahi tu. Ua lile nalo huota kutoka kitunguu kidogo kilicho chini ya ardhi, na huko nako walikuwako watu wa kulichimba. Tangu mwaka 1981 sheria yao inakataza kung'oa mmea wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na mwaka 1998 ikakatazwa kuuza vitunguu vya ua hilo vilivyotolewa porini.

Kwa hiyo, mama na baba, mvua zikishika, wapelekeni watoto Kitulo hata mara moja. Ulizeni kwanza katika ofisi ya hifadhi pale Matamba, mlipe kiingilio, mwende na mtu anayeijua njia. Chukueni makoti. Tembeeni katika njia, msikanyage ovyo, wala msichume. Mtoto akiuliza kwa nini asichukue hata moja, mwinamishe alitazame kwa karibu, kisha mwambie kuna kiazi hapo chini kinachongoja mwaka ujao. Hilo atalikumbuka siku mtu atakapomjia na jembe na ahadi ya fedha.

Haya, kwa herini mpaka juma lijalo.