Maongezi ya Mwezi: Safari za Angani na Gharama Yake

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya neno linalobishaniwa sana barazani, hata baba na mwanawe hawapatani. Vijana husifu vyombo vinavyorushwa angani. Wazee huuliza, fedha hizo zote, na roho za watu zilizopotea, ni za nini, hali hapa chini wako watu walalao na njaa?

Swali hili si jipya, wala si la watu wajinga. Mwaka 1970 aliliuliza mtawa mmoja, Sista Mary Jucunda, aliyekuwa akifanya kazi Kabwe, katika nchi ya Zambia, kati ya watoto wenye njaa. Alikuwa amepata habari ya kuwa mtaalamu mmoja wa Marekani, jina lake Ernst Stuhlinger, anashauri watu wapelekwe mpaka sayari ya Mirihi. Akamwandikia barua, akamwuliza yawezekanaje kutaja mabilioni ya dola kwa kazi kama ile, na watoto wanakufa kwa kukosa chakula.

Yule bwana hakumdharau. Alimjibu kwa barua ndefu mwezi wa Mei mwaka ule ule, akamtolea kisa cha mtawala mwema wa Ujerumani ya kale, aliyekuwa akiwagawia maskini mali yake. Mtawala huyo alimpa riziki mtu mmoja aliyeshinda kutwa akisugua vipande vya kioo. Watu wakanung'unika, kwa maana maradhi yalikuwa yakiwaua, na huyu anachezea vioo! Lakini kazi ile ndiyo iliyoleta hadubini, na kwa hadubini waganga wakavijua vijidudu vya maradhi.

Kisa ni kizuri, walakini mimi hakinitoshi. Msimulizi amechagua kioo kilichofaa. Vioo vingapi vilisuguliwa visizae kitu? Tena mtoto mwenye njaa leo hawezi kula faida itakayopatikana baada ya miaka mia. Wala tusisahau ya kuwa Stuhlinger, kabla hajaenda Marekani, alikuwa miongoni mwa mafundi wa Ujerumani waliotengeneza makombora ya V-2, yaliyowaangukia watu wa London na Antwerp. Na maelfu ya wafungwa walikufa kwa taabu ya kazi ile ya kuyaunda. Elimu ya roketi haikuzaliwa katika usafi. Namshukuru kwa adabu yake, lakini siichukui barua yake kuwa mwisho wa maneno.

Naona jibu bora lilitolewa mwaka mmoja kabla ya hapo. Tarehe 15 Julai 1969, siku moja kabla Apollo 11 haijaondoka kwenda mwezini, Mchungaji Ralph Abernathy, aliyeshika kazi ya Martin Luther King, alifika pwani ya Florida pamoja na jamaa za maskini na magari ya kukokotwa na nyumbu, ili kuonyesha tofauti ya nyumbu na roketi. Mkuu wa kazi za anga, Thomas Paine, akatoka kwenda kuwasikiliza. Akawaambia kwamba kama kutobonyeza kitufe kesho yake kungeuondoa umaskini, basi wasingekibonyeza. Mchungaji naye, aliyekuja kulalamika, aliwaombea wasafiri wafike salama.

Paine alisema kweli, na mambo yaliyofuata yalimthibitisha kwa uchungu. Kazi ya Apollo iligharimu dola zipatazo bilioni 25. Katika mwaka 1966, katika kila dola 100 zilizotumiwa na serikali ya Marekani, zaidi ya dola 4 zilikwenda kwenye kazi za anga. Siku hizi haifiki hata nusu dola. Safari zile za mwezini zilikoma Desemba 1972. Je, maskini walishiba mwaka uliofuata? Mwaka 1973 njaa kuu iliwaua watu wengi katika jimbo la Wollo, huko Ethiopia, na wenye mamlaka wakaificha. Fedha iliyozuiwa hapa haiendi kwa miguu yake mpaka kwenye chungu cha mwenye njaa kule. Yuko mtu anayetakiwa kuipeleka, na mtu huyo mara nyingi hayuko.

Na hiyo njaa iliyofichwa, leo ni vigumu kuificha hivyo. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat zinaizunguka dunia na kuipiga picha nchi kavu, hata majani yakikauka yanaonekana. Baada ya njaa nyingine ya Ethiopia ya miaka 1984 na 1985, Marekani ilianzisha kazi ya kuonya mapema juu ya njaa, na katika kazi hiyo mvua na hali ya mimea hupimwa kutoka juu. Setilaiti haimlishi mtu, hilo najua. Lakini mwenye ghala hawezi tena kusema, Sikujua.

Sisi wa pwani tuna ushuhuda wetu. Mwezi wa Aprili mwaka 1872, katika siku za Seyyid Barghash, tufani iliipiga Unguja bila ya mtu kuambiwa neno. Mikarafuu na minazi iling'olewa, vyombo vikavunjika bandarini, hata Pemba, iliyosalimika, ikaipita Unguja kwa karafuu. Mwezi wa Mei mwaka 2024 tufani nyingine, iitwayo Hidaya, iliijia pwani ya Tanzania ikafika Mafia. Safari hii watabiri wa hali ya hewa waliiona ingali mbali baharini, wakawatangazia wavuvi siku kadhaa mbele. Mke wa mvuvi hahitaji kufundishwa thamani ya siku hizo.

Basi juu ya vyombo visivyo na mtu ndani yake, mimi sina shaka. Gharama yake hulipa. Kazi ngumu inaanza pale mtu mwenyewe anapopandishwa. Hapo nawaomba waalimu wasikilize, kwa kuwa jambo hili linawahusu.

Mwaka 1985 Marekani ilitaka mwalimu wa kupanda angani ili afundishe kutoka huko. Walioomba walizidi 11,000, akachaguliwa Christa McAuliffe, mwalimu wa shule ya Concord, katika New Hampshire. Tarehe 28 Januari 1986 alipanda chombo Challenger pamoja na wenzake 6. Wanafunzi wake walikusanyika shuleni wakitazama katika televisheni. Baada ya sekunde 73 chombo kilipasuka, wakafa wote.

Mtu atasema, ndiyo hatari ya safari. Sivyo. Viungo vya roketi vilizibwa kwa pete za mpira, na mpira ukipata baridi hukakamaa. Fundi mmoja wa kampuni ya Morton Thiokol, Roger Boisjoly, aliandika onyo tangu Julai 1985. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na barafu mnarani. Mafundi wakasema kwa simu kwamba chombo kisirushwe kama joto halifiki digrii 12 za Selsiasi. Wakuu hawakupendezwa. Mmoja wao akaambiwa na mwenzake avue kofia ya ufundi, avae kofia ya utawala, naye akaivua. Asubuhi joto lilikuwa digrii 2 tu. Baadaye mtaalamu Richard Feynman alichovya kipande cha pete hiyo katika maji ya barafu mbele ya watu wote, wakaona jinsi kilivyokosa kunyumbuka. Jambo lililoweza kuonyeshwa kwa bilauri moja ya maji!

Tena halikukoma hapo. Mwaka 2003 chombo Columbia kilipigwa bawani na kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi wakati wa kuondoka. Mafundi waliomba picha ili wajue ukubwa wa jeraha, hawakupewa. Tarehe 1 Februari, chombo kiliporudi, kiliungua angani na watu 7. Waliochunguza msiba ule waliandika kwamba tabia za mwaka 1986 zilikuwa zimerudi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama hatari inafaa, mimi huuliza kwanza, anayepanda ameambiwa nini? Nahodha aliyeonyeshwa wingu akaondoa chombo kwa hiari yake ni mtu mwingine kabisa na abiria aliyefichwa habari ya wingu. Christa hakuambiwa habari ya simu ile ya usiku.

Mwenzake, Barbara Morgan, mwalimu wa Idaho, alikuwa amechaguliwa kushika nafasi yake kama angepatwa na udhuru, wakajifunza pamoja kazi yote. Baada ya msiba alirudi darasani kufundisha. Hata Agosti 2007, miaka 4 baada ya Columbia kuungua, akapanda chombo Endeavour, akiyajua yote yaliyowapata waliomtangulia; na alipokuwa huko juu aliyajibu maswali ya watoto wa Idaho.