UCHAMBUZI: Tembe, ndoto mbaya na swali lisiloulizwa

MTU anayeambiwa leo kwamba ana virusi vya HIV huanzishiwa dawa siku iyo hiyo, au siku chache baadaye. Usiku huo akikosa usingizi na kuamka akiwa na kizunguzungu na moyo mzito, alaumu nini: tembe aliyoimeza au habari aliyopokea?

Jibu la swali hilo ndilo huamua iwapo ataendelea kumeza dawa au ataitupa chooni kimyakimya.

Waliotumia Efavirenz wanaelewa jambo hili kuliko daktari yeyote. Dawa hiyo, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1998, ilikuwa kwa miaka mingi sehemu ya tembe moja iliyomezwa na maelfu ya Wakenya wakati wa kulala. Ilimezwa usiku kwa sababu ilileta kizunguzungu, pamoja na ndoto zilizo bayana mno hivi kwamba mtu aliamka akitafuta aliyekuwa akimkimbiza.

Katika majaribio ya dawa hiyo, asilimia 53 ya walioitumia walilalamikia matatizo ya usingizi, kichwa na fikira. Hata hivyo, asilimia 25 ya wenzao waliopewa dawa nyingine walilalamika vivyo hivyo. Kwa hesabu ya haraka, karibu nusu ya malalamiko hayo huenda yangekuwepo hata bila Efavirenz. Takwimu hizo haziwafanyi wagonjwa kuwa waongo. Zinachoonyesha ni kwamba ugonjwa wenyewe, hofu na matarajio pia huukosesha mwili usingizi.

Kwa wengi, dhiki hiyo ilipungua baada ya wiki mbili hadi nne. Ila si kwa wote. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 ulibaini kuwa tofauti fulani ya kijeni, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Kiafrika, huifanya dawa hiyo ikae mwilini kwa wingi, na wenye tofauti hiyo ndio walioteseka zaidi wiki ya kwanza. Uchanganuzi mwingine wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watumiaji wa Efavirenz walikabiliwa na hatari takriban maradufu ya kuwazia au kujaribu kujitoa uhai. Kizunguzungu kikiisha, basi, si hakika kwamba moyo nao umetulia.

Mwaka 2017 Kenya ilitangulia nchi nyingine za Afrika kuanza kutumia Dolutegravir ya bei nafuu, na waliofikiriwa kwanza ni wale walioshindwa kustahimili Efavirenz. Wanawake wa umri wa kuzaa walicheleweshwa baada ya tahadhari iliyotoka Botswana mwaka 2018 kuhusu kasoro za watoto, hadi Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza dawa hiyo kwa wote Julai 2019. Dolutegravir ni afueni kubwa, lakini nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi. Anayesumbuka hushauriwa kuimeza asubuhi. Ushauri huo haugharimu hata senti moja, lakini hutolewa tu kwa aliyeulizwa alivyolala.

Hapa ndipo penye kasoro. Vituo vyetu hutumia fomu ya maswali tisa kupima sonono, inayouliza hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3, na anayefikisha 10 huhesabiwa kuwa na sonono ya wastani. Lakini miongoni mwa maswali hayo yamo ya usingizi, uchovu, hamu ya chakula na umakinifu. Aliyesumbuliwa na dawa kila usiku aweza kupata 3 kwa usingizi, 3 kwa uchovu, 2 kwa chakula na 2 kwa umakinifu. Tayari ana 10, ilhali hajasema popote kwamba ana huzuni.

Kinyume chake pia hutokea. Mhudumu anayeamini kwamba kila kitu ni "madhara ya dawa" humwambia mgonjwa avumilie, kumbe yule amekata tamaa ya kuishi.

Njia ya kutenganisha mambo haya ni nyepesi: fomu ijazwe kabla ya tembe ya kwanza, irudiwe wiki ya pili na ya nne, kisha alama za mwili zisomwe kando na za moyo. Bila kipimo cha mwanzo, alama za wiki ya pili hazina cha kulinganishwa nacho.

Kazi hiyo, pamoja na kumpigia simu aliyeanza dawa majuzi, kwa kiasi kikubwa ilifanywa na washauri waliolipwa kwa fedha za wafadhili. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada Januari 2025, wengi wao walitumwa nyumbani. Mijadala iliyofuata ilihusu iwapo tembe zingetosha ghalani. Ni wachache waliouliza nani atampigia simu mgonjwa siku ya kumi, pale anapoitazama chupa na kujiuliza kama ameze tena usiku huo.