Swichi ya Kuzima Iwe Karibu na Mkono

MAONI YETU

Kule Othaya, Tetu, Mukurweini na Mathira, katika Kaunti ya Nyeri, mashamba ni madogo, na ng'ombe wengi wa maziwa hulishwa zizini. Ndiyo maana mashine ya kukatakata nepia na mabua ya mahindi imekuwa chombo cha kila siku. Imewapunguzia watu kazi ya panga. Imewaacha wengine bila vidole, na wengine bila mkono.

Ajali hutokea kwa sekunde chache. Rola zinazovuta majani kuelekea kwenye visu huvuta pia sweta, kisha mkono wenyewe. Mara nyingi swichi ya injini ya petroli iko upande wa pili, ambako mkono uliosalia haufiki. Aliyenaswa hana la kufanya ila kupiga mayowe, mtu mwingine aje kuzima.

Dawa yake si ghali. Injini nyingi ndogo za petroli huzimika waya mmoja wa koili unapogusishwa na chuma cha injini: cheche ya plagi hufa papo hapo. Fundi wa jua kali wa Karatina au Nanyuki anaweza kurefusha waya huo hadi kwenye kitufe chekundu kando ya mlisho, au kwenye upau unaosukumwa kwa nyonga. Penye mota, kitufe kikate umeme. Gurudumu la visu ni zito na huendelea kuzunguka hata injini ikizimwa. Kwa hiyo pawe na wenzo wa kuzirudisha rola nyuma, na mlisho uwe mrefu kiasi cha kiganja kutozifikia.

Ng'ambo, wanaorusha ndege ndogo za mfano zenye injini ya petroli hufunga swichi ya kukata cheche kwa rimoti, ili ndege ikigoma kutii izimwe kutoka chini. Wanaojua kazi huitega ijizime yenyewe mawimbi yakipotea. Chombo cha burudani kinalindwa hivyo; mkulima anayelisha visu kwa mikono yake anastahili zaidi.

Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka sehemu hatari za mashine zikingwe, lakini ni nadra mkaguzi kufika kwenye boma la ng'ombe wawili. Basi kinga ianzie dukani na kwenye karakana. India ilifanya hivyo mwaka 1983, ilipotunga sheria ya kuwabana waundaji na wauzaji wa mashine hatari, zikiwemo za kupura nafaka.

Kaunti za Nyeri, Kirinyaga na Laikipia zisitoe kibali wala ruzuku kwa mashine isiyo na kitufe cha kuzima kando ya mlisho. Vyama vya ushirika visimkopeshe mwanachama mashine kama hiyo. Mkulima aliye nayo tayari aipeleke kwa fundi wiki hii. Na mtoto asitumwe kulisha mashine, hata yenye kitufe.