Kusi Limeingia, Lakini Hiyo Betri Iacheni

Kusi likianza kuvuma tu, maskani inageuka chuo cha uvuvi. Huyu anasema chubwi la nusu kilo, yule anataka kilo nzima, na kuna mmoja aliyekesha akitazama video za Canada sasa anataka ule mtambo wa kuteremsha tufe la risasi la kilo 5 kwa waya, vile wale wanavyowafuata samoni kilindini wakati wa baridi. Mwanangu, wale wana boti ya injini inayokokota chambo mchana kutwa. Wewe una mshipi wa mkono na umeketi kwenye mawe ya Mama Ngina, au umepakiwa kwenye mtumbwi wa ami yako. Mtambo utaufunga wapi?

Ubishi wa uzito siukatai. Msimu huu mkondo wetu unaokwenda kaskazini huwa na nguvu zaidi. Ukitupa chubwi dogo mshipi unalala ubavu, chambo kinaelea juu juu, na changu wako chini wanakucheka. Kinachonikera ni vile tunavyoyapata hayo machubwi. Betri ya gari iliyokufa inapasuliwa kwa nyundo, asidi inamwagwa mtaroni, risasi inatiwa kwenye sufuria juu ya jiko la makaa, halafu inamiminwa kwenye mchanga. Papo hapo uani! Na Mji wa Kale mnaujua ulivyo: dirisha la jirani liko mkono mmoja kutoka kwako, na nguo za mtoto zimeanikwa juu ya kichwa chako.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327, jiko la makaa linaiweza bila shida, ndiyo maana kila mtu anajiona fundi. Mchanga ukiwa na unyevu inaruka na kukuchoma uso. Hilo angalau unaliona. Vumbi lake hulioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na mtoto mdogo anaifyonza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima. Inashika ubongo, na madhara yake hayarudi nyuma. Kisha ile sufuria inarudi jikoni kupikiwa wali, astaghfirullah.

Sisi wa Mombasa ndio tusio na udhuru kabisa. Ukivuka Makupa, kule upande wa Changamwe, kuna mtaa wa Owino Uhuru. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa pale kando ya nyumba za watu, na watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama hapa Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikafutwa kwenye rufaa, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Kesi ya miaka yote hiyo, halafu sisi tunajifungulia kiwanda chetu kidogo uani kwa sababu ya changu watatu.

Najua jibu la wazee wa bandarini: chuma ni kikubwa, maji yanakibeba. Ni kweli kiasi. Lakini pimeni. Risasi ya nusu kilo ikizama inabaki na uzito wa kama gramu 455. Chuma cha nusu kilo, kama 435. Kwa hizo gramu 20 ongeza nati moja, basi. Jiwe ndilo linalopunjwa, linabaki na kama gramu 310 tu, kwa hivyo mwenye jiwe achukue kubwa. Nati za lori, plagi kuukuu, vipande vya nondo, vyote viko kwa wauza skrapu. Betri nayo ipelekwe nzima. Maduka mengi huichukua nzee na kukupunguzia bei ya mpya.

Tena kuna jambo ambalo hawa mafundi wa kilo nzima hawalisemi: siku. Ukienda bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji ya mlangoni yanakimbia na hata chubwi la kilo litaburutwa. Nenda maji mafu, karibu na mwezi 8 au 22 kwa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwenu, utupe mshipi pale maji yanaposimama kabla ya kugeuka. Nusu ya ule uzito inakutosha.

Na chubwi usilifunge kwa mshipi wenyewe. Lifunge kwa kipande cha uzi dhaifu zaidi. Likinasa kwenye mwamba, vuta: uzi mdogo unakatika, ndoana na samaki wako wanapanda. Chini umeacha nati mbili zenye kutu.