Ekzosi iliyofungwa vibaya inakula faida ya mpunga

Tangu Daraja la Magufuli lilipofunguliwa mwaka 2018, gari la mzigo linalotoka Lupiro kwenda Ifakara halisubiri tena kivuko cha Mto Kilombero. Kikwazo kilichobaki mara nyingi ni gari lenyewe, na ekzosi ni moja ya vitu tunavyovidharau.

Nilijifunza hilo kwa pikapu ya familia yetu. Fundi mmoja alitufungia bomba jipya la moshi kwa bei nafuu. Alilijaribu gari likiwa tupu, likatulia. Siku tulipopakia magunia ya mpunga, springi zilishuka na ekseli ikawa inaligonga bomba kila tulipoingia kwenye shimo. Raba za kuning'inizia hazikuwekwa. Bomba lilikuwa limechomelewa moja kwa moja kwenye chesesi, hivyo mtikisiko wote wa injini uliishia kwenye maungio. Likakatika njiani, na moshi wa moto ukaunguza mpira wa breki.

Fundi alikubali kurudishia bomba tu. Lakini bomba lilikuwa sehemu ndogo ya hasara. Kulikuwa na breki, gari la kukodi, na siku nne bila kazi katikati ya mavuno. Je, nani alipe?

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inajibu. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Kifungu cha 73 kinatoa fidia kwa hasara inayotokana kwa kawaida na kuvunjwa kwa mkataba, au ile ambayo pande zote mbili ziliijua tangu zinapatana. Hapo kwenye kujua ndipo tulipokwama. Hatukumwambia fundi kwamba gari ni la kubebea mpunga, naye akasema hakujua.

Kwa hiyo ndugu mkulima, mwambie fundi mapema, na kwenye risiti aandike kazi aliyofanya, vifaa alivyotumia na kwamba gari litabeba mzigo.

Uharibifu ukishatokea, kwanza simamisha gari. Moshi unaovuja una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Bomba la moto likigusa mabua makavu linaweza kuwasha shamba. Tena, sheria huangalia kama ulijitahidi kupunguza hasara. Ukiendelea kuliendesha, hasara inayoongezeka huenda ikawa yako.

Pili, piga picha kabla chochote hakijaguswa. Tatu, fundi mwingine aandike alichokiona. Nne, tunza vipande vilivyokatika na risiti za usafiri wa kukodi. Mwisho, mpe fundi wa kwanza madai yako kwa maandishi, yakiwa na tarehe ya kujibu. Fundi anayejali jina lake atapatana nawe kabla ya mahakama.

Mafundi nao wana hoja. Mteja anayebishana hadi bei ya raba atafungiwa ekzosi bila raba. Sisi tuliokoa fedha kidogo gereji, tukazilipa mara kadhaa barabarani.

Msimu ujao hatutalipa mpaka gari lijaribiwe likiwa na mzigo. Magunia machache ya mchanga yanatosha kuonyesha kama ekseli inagusa bomba, na ni afadhali ligongwe pale gereji kuliko njiani.