Maabara ya Kompyuta ya Chuo: Mashine Tunazitoa, Matunzo Tunayasahau

NI jambo lililo wazi kwamba siku ya kukabidhi kompyuta katika chuo kikuu ni siku ya furaha. Wageni hualikwa, utepe hukatwa, picha hupigwa, na uongozi wa chuo hutoa shukrani kwa maneno mazito. Hayo yote ni mema, wala hatuna lawama nayo. Lakini, ndugu msomaji, ni nani miongoni mwetu aliyewahi kualikwa katika hafla ya kubadilisha betri za UPS? Ni nani aliyepigwa picha akikabidhi feni za kupozea kompyuta, au akilipia mshahara wa fundi kwa mwaka mzima? Kutoa kuna sherehe, kutunza hakuna. Na hapo ndipo maabara nyingi zinapoanzia safari ya kufa.

Makala hii inakusudia kusema jambo moja tu, nalo ni hili: anayetoa kompyuta bila kutenga fungu la kuzitunza hajatoa maabara. Ametoa neema ya miaka michache, kisha ameacha chumba kilichojaa vyuma vya kufagiliwa vumbi. Lawama hii inamhusu mfadhili, inakihusu chuo, na inatuhusu sisi waumini ambao mara kwa mara tunaombwa tuchangie elimu ya vijana wetu.

Anayeumia ni nani?

Maabara inapokufa, si wote wanaoumia sawasawa. Mtoto wa mwenye uwezo ana kompyuta yake ya mkononi. Kwake maabara ikifungwa ni usumbufu mdogo. Lakini yupo kijana aliyetoka kijijini na begi moja la nguo, ambaye mkopo wake unaishia kwenye chakula na malazi. Kwa huyu, maabara ndiyo kompyuta yake. Pale andika utafiti wake, pale chambua takwimu zake, pale tuma kazi kwa mwalimu kabla ya saa sita usiku. Kompyuta 40 zikibaki 15 zinazowaka, hutokea foleni, na katika foleni wa kwanza kushindwa ni yule anayeishi mbali na chuo, na binti ambaye hawezi kungoja zamu ya usiku wa manane. Hivyo uzembe wa matunzo huwa dhuluma ya kimyakimya, na mwenye kudhulumiwa hajui hata amlaumu nani.

Wako watakaosema kwamba zama za maabara zimepita, kwa kuwa kila mwanafunzi sasa ana simu. Hoja hii inavutia lakini haina nguvu. Simu inatosha kusoma tangazo na kutafuta kitabu. Haitoshi kuchora ramani ya jengo, kuchambua majibu ya madodoso 400, wala kuandika tasnifu ya kurasa 80 yenye majedwali. Kazi hizo zinahitaji kioo kipana, kibodi kamili, na programu ambazo nyingine huuzwa kwa leseni ya kila mwaka. Chuo kinaweza kununua leseni moja ikatumika kwa zamu. Mwanafunzi mmojammoja hawezi.

Kinachoiua maabara

Adui wa kwanza ni vumbi na joto. Feni ikishazibwa na vumbi, kompyuta huchemka, hupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue, na hatimaye huzima. Adui wa pili ni umeme unaopanda na kushuka. UPS ipo, lakini betri yake aghalabu hudumu kati ya miaka 3 na 5. Ikishakufa, kile kiboksi hubaki pambo chini ya meza. Adui wa tatu ni diski za zamani zinazozunguka, ambazo huchoka kama kinavyochoka kila kitu chenye kuzunguka.

Yapo na madogo yanayochekesha kwa udogo wake. Ndani ya kompyuta mna betri ya duara yenye ukubwa wa sarafu, ya volti 3. Kazi yake ni kuifanya kompyuta isisahau saa na tarehe inapozimwa. Betri hiyo ikiisha, kompyuta huamka kila asubuhi ikidhani ni miaka mingi nyuma. Mwanafunzi akijaribu kufungua tovuti ya maktaba hukataliwa, kwa sababu hati ya usalama ya tovuti hiyo inaonekana ni ya wakati ambao haujafika. Atasema intaneti ni mbovu. Mwingine atasema kompyuta ina kirusi. Kompyuta itabandikwa karatasi iliyoandikwa “MBOVU”. Kumbe dawa yake ni betri ya bei ndogo kabisa na mtu wa kuiweka.

Adui wa nne haonekani kwa macho, naye ni kupitwa na wakati kwa programu. Kampuni ya Microsoft ilisitisha matunzo ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, ya Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hizo kompyuta haizimiki. Huendelea kuwaka kama kawaida, na ndiyo maana watu hughafilika. Kinachokoma ni kuzibwa kwa mianya inayogunduliwa, nayo haiachi kugunduliwa.

Asiyeamini na akumbuke mwezi Mei 2017. Kirusi kilichoitwa WannaCry kilizikumba kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu. Na la kusikitisha ni kwamba kiraka cha kuziba mwanya huo kilikwisha kutolewa mwezi Machi mwaka ule ule, karibu miezi miwili kabla. Walioathirika wengi hawakukosa dawa. Walikosa mtu wa kuinywesha mashine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo yaliambiwa wenye nyumba za udongo, lakini yanawafaa sana wenye maabara.

Historia inatufunza nini?

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka 9 baadaye, mwaka 1974, serikali ikazuia kuingizwa kwa kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuweka hesabu za serikali kwenye mashine hizo kuharibika na kula fedha nyingi. Mashine ilihukumiwa. Lakini tukitazama kwa insafu, mashine haikuwa na kosa. Kilichopungua ni watu waliofunzwa na utaratibu wa kuiendesha. Leo hatuzuii kompyuta, ila kosa ni lile lile: tunanunua chombo, hatuandai mwenye kukiongoza.

Mfano wa kinyume chake uko Marekani, katika chuo cha MIT. Mwaka 1983 chuo hicho kilianza mradi ulioitwa Athena, kwa msaada wa kampuni za Digital na IBM, wa kusambaza kompyuta kwa wanafunzi wote. Waasisi wake walifahamu mapema kwamba hawawezi kuwa na fundi wa kila mashine. Basi wakaelekeza juhudi kwenye utaratibu: mwanafunzi aketi popote, aandike jina lake na neno la siri, na akute kazi zake zile zile, na fundi azitunze kompyuta zote kutoka mahali pamoja. Mradi uliisha mwaka 1991, lakini mfumo wa kumtambua mtumiaji uliozaliwa humo, uitwao Kerberos, unatumika hadi leo ulimwenguni. Tutasema walikuwa na fedha, na ni kweli. Lakini wazo la kutunza nyingi kama moja halikuhitaji utajiri; lilihitaji kufikiri kabla ya kununua.

Wala nasi hatukukosa wa kutuonyesha njia. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi iliyozungumza Kiswahili. Walithibitisha kwamba programu huria inaweza kuchukuliwa, ikabadilishwa na ikatumiwa na watu wetu wenyewe bila kulipia leseni.

Lifanyike nini?

Kwanza, kila maabara iwe na fundi mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ajira na saa za kazi. Kumtegemea mwanafunzi mwenye kipaji ni kujidanganya. Huyo atahitimu, na elimu yake ataondoka nayo.

Pili, liwepo daftari. Kila kompyuta ipewe namba, na kila hitilafu iandikwe: tarehe, dalili, kilichofanywa, kilichobadilishwa. Mali bila daftari huisha bila habari. Kwa daftari hilo fundi atagundua kwamba kompyuta za safu ya dirishani ndizo zinazokufa, na tiba itakuwa pazia la kuzuia jua na vumbi badala ya kununua nyingine.

Tatu, kompyuta moja iandaliwe kwa ukamilifu, kisha hali yake inakiliwe katika nyingine zote zinazofanana nayo. Ipo programu huria ya kazi hiyo, Clonezilla, isiyouzwa. Kompyuta ikiharibika programu zake, haitibiwi kwa siku tatu. Hurejeshwa katika hali yake njema kwa muda mfupi, mradi kazi za wanafunzi zinahifadhiwa kwenye seva ya chuo.

Nne, kabla ya kutupa kompyuta, itazamwe kama inaweza kuhuishwa. Kompyuta nyingi zinazoitwa “nzito” huwa nyepesi zikiondolewa diski inayozunguka na kuwekewa ya aina ya SSD, na kumbukumbu ikiongezwa kutoka gigabaiti 4 hadi 8. Lakini kuhuisha kuna mipaka yake. Windows 11 inadai kichakataji cha miaka ya karibuni na kipande cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kompyuta zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 aghalabu hazikubaliki. Kwa hizo kuna njia mbili. Moja ni kuhamia Linux, ambayo inaweza kufanya kazi za uandishi, takwimu kwa programu ya R, na ramani kwa QGIS bila kulipia leseni. Nyingine ni kununua muda: Microsoft ilitangaza kwamba taasisi za elimu zingeongezewa viraka vya Windows 10 kwa dola 1 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, dola 2 wa pili na dola 4 wa tatu. Kwa kompyuta 40 hiyo ni dola 280 kwa miaka yote mitatu. Muda huo si wa kulala. Ni wa kujiandaa.

Tano, kompyuta zisinunuliwe zote siku moja, kwa maana zitakufa zote msimu mmoja. Maabara ya kompyuta 40 ikibadilisha 8 kila mwaka, ndani ya miaka 5 imekuwa mpya yote, bila mwaka wowote wa msiba. Bajeti ya namna hii ni ndogo kila mwaka, na mhasibu anaweza kuipanga.

Sita, msaada upokelewe kwa masharti. Tangu tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka taka zote za umeme na elektroniki zisisafirishwe kutoka nchi hadi nchi bila idhini ya nchi inayopokea. Basi chuo kisione haya kuuliza: kompyuta hizi ni za mwaka gani, zinafanya kazi, zinakubali mfumo gani, na zikifa nani atazizika? Shehena ya kompyuta mbovu iliyopewa jina la msaada ni mzigo tuliotwishwa kwa tabasamu.

Neno kwa wanaotoa

Sisi watu wa misikiti jambo hili halipaswi kutushangaza. Tunajua maana ya wakfu. Mafakihi walikwisha kueleza zamani kwamba mapato ya wakfu huanza kutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wanufaika wagawiwe kinachobaki, kwa sababu asili ikiharibika manufaa nayo yamekwisha. Tunajua pia kwamba kisima bila mtu wa kubadilisha mpira wa pampu ni shimo, na thawabu tuliyoitarajia iendelee hukauka pamoja nalo. Maabara ya kompyuta ni kisima cha aina hiyo hiyo.

Kwa hiyo litakapopitishwa tena karatasi la mchango wa kompyuta kwa ajili ya chuo fulani, tusiulize tu ni ngapi. Tuulize fundi ni nani na daftari liko wapi. Tuulize fungu la mwaka wa pili na wa tatu limetoka wapi. Ikiwa fedha zilizopatikana zinatosha kompyuta 20, ni bora zinunuliwe 14 na kinachobaki kiwe cha matunzo, kuliko kununua 20 ambazo baada ya miaka 3 zitabaki 6. Na mwenye uwezo mdogo asijione hana cha kutoa: betri za UPS, diski moja ya SSD, au posho ya fundi ya mwezi mmoja ni sadaka kamili, ingawa haina utepe wa kukatwa.

Naam, hakuna atakayepigwa picha. Lakini kijana yule wa kijijini atabonyeza kitufe, kompyuta itawaka, na atamaliza kazi yake kabla ya saa sita usiku. Hiyo ndiyo iliyokuwa nia ya mtoaji tangu mwanzo.